Ndiyo, ni jiki, na siibadilishi

Nikimaliza kusafisha ndani ya mzizi wa jino bovu na kuutoa ule mpira wa kukinga mdomo, swali la kwanza la mgonjwa mara nyingi ni hili: "Daktari, mbona palikuwa pananuka jiki?" Huwa simfichi. Ni jamaa yake wa karibu, sodiamu haipokloraiti, ila yangu naijua kipimo.

Wenzangu kadhaa wameiacha. Wanaosha mzizi kwa klorheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, wengine kwa maji ya chumvi tu, wakisema ni salama zaidi. Mimi sikubali. Faili, vile visindano vyembamba vya kukwangulia, hukwangua njia kuu ya mzizi. Vichochoro vya pembeni faili hazivifikii, na humo ndimo nyama iliyooza ya kiini cha jino hujificha. Haipokloraiti huua bakteria na kuiyeyusha nyama hiyo kwa mpigo mmoja. Klorheksidini ya asilimia 2 nayo huua vizuri, tena hung'ang'ania ukuta wa mzizi hata baada ya kuoshwa, lakini haiyeyushi kitu. Umemuua panya, umemwacha darini.

Hofu yao naielewa. Niliwahi kumwona mama mmoja ambaye haipokloraiti ilimpenya kupita ncha ya mzizi: maumivu ya ghafla licha ya ganzi, shavu likavimba hapo hapo, kesho yake jicho limezungukwa na weusi. Lakini sindano ilikuwa imekwama ndani ya mzizi, na bomba likasukumwa kwa nguvu. Sindano yenye tundu la ubavuni, iliyolegea, ikaishia milimita mbili kabla ya kina cha kazi, yaani mwisho wa sehemu ya mzizi tunayoisafisha, ikasukumwa polepole kwa kidole cha shahada, hiyo ndiyo kinga.

Tunabishana mno kuhusu kipimo, asilimia 0.5 au 5.25. Natumia 2.5 na kuweka mpya mara kwa mara, kwa sababu klorini iliyomo huisha nguvu haraka ikigusana na uozo.

Haiwezi yote, hilo nakiri. Utando wa unga wa jino unaoachwa na faili huondolewa na EDTA, kemikali inayovuta madini ya jino, ya asilimia 17, dakika moja yatosha. Ila usiichanganye na haipokloraiti, maana EDTA huimaliza klorini. Klorheksidini ikikutana na haipokloraiti ni balaa zaidi: hutokea mashapo ya rangi ya kahawia yanayoziba vitundu vya jino na kuliachia doa. Nikilazimika kuzitumia zote mbili, katikati nasuuza na kukausha kwa vijiti vya karatasi. Hapo ndipo maji ya chumvi yanapopata kazi kwangu.