Mashine ya Umeme na Mazoezi ya Ardhini: Kipi Kitangulie kwa Walioumia Uti wa Mgongo

Swali linalowafikia wataalamu wa fiziotherapia wa Mbeya na Iringa siku hizi huja mara nyingi likiwa ndani ya simu. Ndugu wa kijana aliyeanguka na bodaboda kwenye mteremko wa Iwambi, au aliyeangukiwa na gogo katika misitu ya Sao Hill, huonyesha video fupi ya mtu wa Ulaya au Marekani aliyekuwa amepooza, sasa amebandikwa vibandiko vya umeme na anapiga hatua. Kisha huuliza kwa nini mashine hiyo haipo hapa. Akijibiwa kwamba mgonjwa wake ataanza kwa kusimama na kujifunza kutembea kati ya vyuma viwili vya kujishikilia, husikia kana kwamba ameambiwa: tiba yenyewe ni ya matajiri, nyinyi chukueni hiki. Naona jibu hilo la mtaalamu halieleweki, na wanaolitoa wanahukumiwa kuwa wamepitwa na wakati ilhali ushahidi mwingi upo upande wao.

Hata hivyo mashine ina haki yake, na tuanze nayo. Video hizo huchanganya mambo matatu. La kwanza ni vifaa vinavyopandikizwa kwa upasuaji juu ya uti wa mgongo, yaani ile kamba ya neva iliyo ndani ya pingili, ambavyo mwaka 2018 viliripotiwa kuwawezesha watu wachache nchini Marekani na Uswisi kupiga hatua tena baada ya miezi ya mazoezi. Hivyo vinahitaji kisu cha daktari bingwa, nami naviweka kando. La pili ni vibandiko vinavyowekwa juu ya ngozi ya mgongo, karibu na pingili za mwisho za kifua na za mwanzo za kiuno, vikipeleka umeme kwenye mizizi ya neva za hisia inayoingia katika uti wa mgongo. La tatu, ambalo ni kongwe zaidi, ni kuchangamsha neva ya mguu wenyewe, hasa ile inayopita upande wa nje chini kidogo ya goti, ili unyayo unyanyuke wakati wa kupiga hatua. Liberson na wenzake walilieleza jambo hilo mwaka 1961 kwa wagonjwa wa kiharusi, na kifaa chake leo hutoshea kiganjani na kutumia betri.

Hilo la pili ndilo lenye mvuto mkubwa wa kisayansi. Sehemu ya kiunoni ya uti wa mgongo ina mitandao ya neva inayoweza kupanga zamu za kukunja na kunyoosha miguu hata pale amri ya ubongo inapokuwa hafifu sana. Umeme wa juu ya ngozi hauiburuti miguu. Huiweka mitandao hiyo macho, ili amri kidogo iliyobaki ipate pa kupenya. Mwaka 2015 timu ya Yury Gerasimenko na V. Reggie Edgerton wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilichapisha matokeo ya wanaume watano ambao hawakuweza kabisa kusogeza miguu yao. Baada ya wiki 18 za kuchangamshwa mara moja kwa wiki kwa dakika 45, na dawa ya buspironi kuongezwa katika wiki za mwisho, waliweza kuichezesha miguu kwa hiari yao kama mtu anayepiga hatua. Familia iliyoambiwa kwamba mguu wa mtoto wao hautasogea tena ina haki ya kuguswa na habari hiyo. Ila wanaume hao walikuwa wamelala ubavu, miguu ikiwa imening'inizwa ili isibebe uzito wowote, na kati ya hapo na kutembea hadi kisimani kuna safari ndefu ambayo video ya nusu dakika haiionyeshi.

Vivyo hivyo kwa habari ya Desemba 2024, pale mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipoidhinisha ARC-EX, kifaa cha juu ya ngozi cha kampuni ya ONWARD Medical. Wengi walioisambaza walidhani ni kifaa cha kutembelea. Idhini ile ni ya mikono, kwa watu walioumia shingo bila uti kuharibika wote. Katika utafiti ulioitangulia, washiriki 60 walifanya kwanza miezi miwili ya mazoezi peke yake, halafu miwili ya mazoezi pamoja na umeme, na asilimia 72 yao waliongezeka nguvu na utendaji wa mikono. Hayo ni mafanikio ya kweli. Msomaji aangalie tu kwamba hata hapo hakuna aliyepewa umeme bila mazoezi.

Utafiti ninaourudia mara kwa mara ni wa Edelle Field-Fote na Kathryn Roach, uliofanyika Miami na kuchapishwa mwaka 2011. Watu 64 walioumia uti wa mgongo mwaka mmoja au zaidi kabla, na ambao bado walikuwa na uwezo kidogo wa miguu, waligawanywa kwa kura katika makundi manne na kufanya mazoezi siku tano kwa wiki kwa wiki 12. Kundi moja lilitembea juu ya mkanda unaozunguka, mtaalamu akiwasaidia kwa mikono kusogeza miguu. La pili lilitumia mkanda huohuo, huku neva ya mguu ikichangamshwa kwa umeme. La tatu lilitembea sakafuni, nalo likichangamshwa kwa umeme. La nne liliendeshwa na roboti inayosogeza miguu juu ya mkanda. Mashine ya gharama kubwa kuliko zote, yaani roboti, haikuleta ongezeko la maana la kasi. Waliotembea sakafuni walipanda kutoka wastani wa mita 0.19 kwa sekunde hadi 0.28, na umbali waliomudu kwa dakika mbili ukaongezeka kutoka mita 24 hadi 38, kuliko kundi lingine lolote.

Tarakimu hizi zinaonekana ndogo mpaka uzipeleke barabarani. Chukua barabara yenye upana wa mita 7, mfano wa ile ya TANZAM inayopita Mwanjelwa. Anayekwenda mita 0.19 kwa sekunde atakaa katikati ya magari kwa sekunde 37 hivi, anayekwenda 0.28 atavuka kwa sekunde 25. Bado ni mwendo wa hatari, wala simshauri mtu yeyote aujaribu mbele ya lori la mizigo ya Tunduma. Lakini zipeleke nyumbani pia, katika ua wa Rungwe au Makete ambako choo kiko nje, mita kumi na kitu kutoka mlangoni. Mita 24 ni kwenda na kurudi kwa shida, pengine kwa kuitiwa mtu. Mita 38 ni kwenda, kurudi, na kubaki na pumzi ya kukaa kwenye kigoda na kumenya viazi pamoja na wengine. Tofauti ya mita 14 ndiyo inayomtenganisha mtu mzima na aibu ya kumwita mkwewe amsindikize chooni.

Je, ni umeme uliofanya kazi hiyo, au ni sakafu? Wapenzi wa mashine huutaja utafiti huu kama ushindi wao, kwa kuwa kundi lililoongoza lilitumia umeme. Mimi nasita. Hapakuwa na kundi la kutembea sakafuni bila umeme, kwa hiyo mizani hiyo haipo. Lakini makundi mawili ya mkanda, moja lenye umeme na jingine la mikono ya mtaalamu, yaliongeza kasi kwa kiasi kinachokaribiana sana. Kilicholitofautisha kundi lililoongoza na lile jingine la umeme ni kukanyaga chini. Anayetembea sakafuni analazimika kujisawazisha, kuusukuma mwili wake mbele na kuamua hatua inayofuata aiweke wapi, na uti wa mgongo hujifunza kile unachofanyishwa. Mkanda humletea mtu ardhi. Roboti humletea hata hatua yenyewe.

Kabla ya hapo, mwaka 2006, Bruce Dobkin na wenzake walikuwa wamechapisha matokeo ya wagonjwa 146 wa Marekani na Kanada, wakiwa wameumia wiki chache tu zilizopita, ambao kwa wiki 12 walifanya mazoezi ama juu ya mkanda wakiwa wamepunguziwa uzito kwa mikanda ya kuning'inia, ama ya kutembea ardhini kwa kiwango kilekile cha muda. Ilitarajiwa mkanda ungeshinda. Baada ya miezi sita makundi hayo hayakutofautiana.

Hoja nzito ya upande wa pili naijua, nayo hainiachi nipumzike. Tafiti hizi mbili haziwasemei vizuri wale ambao hawana uwezo wowote wa miguu; kwao kutembea ardhini peke yake ni maneno matupu, na umeme wa mgongoni ndio mlango pekee ulioanza kufunguka bila upasuaji. Tena kifaa kidogo cha neva ya mguu humpunguzia kazi mtaalamu, ambaye vinginevyo angechuchumaa akiunyanyua unyayo wa mgonjwa kwa mkono hatua baada ya hatua. Katika chumba ambamo mtaalamu mmoja anasubiriwa na foleni ya watu asubuhi nzima, hilo ni jambo kubwa. Kwa sababu hiyo sipingi vifaa vidogo vya betri kununuliwa.

Ninachotaka kijulikane kabla ya kununua ni aina ya majeraha yetu. Mtu anayeanguka kutoka juu, awe anachuma parachichi Njombe au anaezeka bati Mafinga, mara nyingi huvunjika pale kifua kinapokutana na kiuno. Hapo ndipo uti wa mgongo unapoishia na mizizi ya neva za miguu inapoanzia. Mizizi hiyo ikikatika, miguu hulegea kama kitambaa, na kifaa cha neva ya mguu hakitaunyanyua unyayo hata ukiongeza umeme, kwa kuwa neva yenyewe imekufa. Mgonjwa wa namna hiyo atauziwa matumaini kwa bei ya mashine, wakati dakika chache za kupima misuli na jinsi mguu unavyoshtuka goti linapogongwa zingemweleza ukweli. Kuna pia ngozi isiyo na hisia, inayoweza kuungua chini ya kibandiko bila mwenyewe kujua, na kuna waliojeruhiwa sehemu ya juu ya mgongo au shingoni, ambao shinikizo lao la damu linaweza kupanda ghafla.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 ilieleza kwamba walioumia uti wa mgongo wana uwezekano wa mara mbili hadi tano zaidi wa kufa mapema kuliko wengine, na hali ni mbaya zaidi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Vidonda vya mgandamizo na maambukizi ya njia ya mkojo huua kabla ya swali la kutembea kuulizwa. Fungu la fedha likiwa moja, godoro, mto wa kiti mwendo na mipira ya mkojo vina haki ya kutangulia.

Halafu kuna hesabu ya siku. Siku tano kwa wiki kwa wiki 12 ni vipindi 60. Mgonjwa wa Ludewa au Ileje hawezi kuja mjini mara 60 na kurudi, hasa masika barabara zinapogeuka tope. Lazima yeye na anayemuuguza wapate pa kulala karibu na hospitali kwa miezi mitatu, wakati ambapo shamba la nyumbani halilimwi, au mtaalamu aifundishe familia na kuitembelea huko iliko. Hospitali inayopanga kununua mashine ya kutembelea ingejiuliza kwanza wagonjwa wake wa Ludewa watalala wapi usiku wa kipindi cha pili.