Nna Kazi Yako

Kazi ya miaka kumi na mmoja niliiacha kwa maneno matatu niliyoambiwa kwenye sinia la biriani.

Ilikuwa mwaka 2023, wiki chache kabla ya Ramadhani, wakati ambapo Mombasa nzima yaoa. Alhamisi usiku, Mji wa Kale, tumekaa kitako mkekani, watu sita sinia moja, na mkono wangu uko kwenye mfupa wa mbuzi. Mzee mmoja wa Nyali, kanzu imepigwa pasi hadi yasimama yenyewe, akaniuliza, "Wewe ndiwe wa bandarini?" Nikamwambia ndimi. Akatafuna, akameza, akasema, "Nna kazi yako. Njoo Jumatatu."

Mfupa ukanidondoka.

Nami wiki ile roho ilikuwa imenichafuka. Pale kwenye kampuni yetu ya kutoa mizigo, kijana niliyemfundisha mimi kusoma bili ya shehena, ile hati ya mzigo wa melini (siku ya kwanza aliishika juu chini), alikuwa amefanywa mkubwa wangu. Kisa, ana kile cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki. Mimi sina. Kila mwaka nilisema nitajiandikisha baada ya Ramadhani, na Ramadhani nayo haichoki kuja. Bosi alinikumbusha mara tatu. Nikamjibu kwamba kontena haliulizi cheti. Jibu lile nililipenda sana wakati ule.

Nyumbani mama watoto akauliza, "Kazi gani?" Nikamwambia mtu mwenye kanzu kama ile hahojiwi. "Mshahara je?" Nikageukia ukutani, nikajifanya nimelala.

Ijumaa asubuhi nikampelekea bosi barua. Ukurasa mzima, na ndani yake nimeng'oa nanga mara mbili. Akaweka kikombe cha chai ya tangawizi juu yake kwanza. Kisha akashusha miwani kutoka kwenye paji, akakiondoa kikombe, akachomoa ile kalamu nyekundu anayosahihishia hati za forodha, akaanza. Wallahi alisahihisha barua yangu ya kuacha kazi.

"Mswahili mzima," akasema, "waandika 'nimezarauliwa'?"

Akalizungushia duara. Alipofika chini akaandika pembeni: Notisi?

"Notisi ya nini?"

"Siku 28. Sheria ya Ajira ya 2007. Na kwenye mkataba wako imo vilevile."

Mkataba ule mara ya mwisho kuuona ni siku niliyoutia sahihi, na hata siku hiyo nilikuwa naangalia pale pa kutia sahihi tu.

"Mie naondoka leo."

"Ondoka. Asiyetoa notisi hulipa mshahara wa siku hizo." Akakirudisha kikombe juu ya barua.

Maana yake, nilikuwa nimefanya kazi nusu mwezi na bado nadaiwa. Kwa hasira nikagawa urithi: kikombe changu kwa mpika chai, mto wa kiti kwa dada wa mapokezi, na stepla, ambayo kusema kweli ilikuwa ya kampuni, kwa askari wa getini.

Jumatatu nikavaa suti, nikapanda matatu. Suti, Mombasa, jua la Machi. Kufika daraja la Nyali tai ilikuwa imenishika shingo kama mdai. Mzee akanikaribisha sebuleni vizuri sana, juisi ya ukwaju, visheti kwenye kisahani. Nikatoa bahasha ya vyeti. Akaisukuma kando bila kuifungua, akaniwekea mapajani bili ya shehena.

"Gari langu li melini laja. Nataka unitolee."

"Na... ile kazi?"

"Si ndiyo hiyo?"

Kisheti nilichokuwa nacho mdomoni kilishuka kizima. Miaka yote hii nazungumza Kiswahili, tangu tumboni mwa mamangu, sikuwahi kuona hatari ya neno "kazi".

Nikajipa moyo, angalau nitapata ujira. Lakini mtu peke yake hatoi gari bandarini, sharti wakala mwenye leseni. Na nilipofunua karatasi za Japani nikaona gari limesajiliwa mara ya kwanza 2014. Magari yaliyotumika mwisho ni miaka minane. Mwaka ule yalikubaliwa ya 2016 kuja juu.

"Ami, gari hili haliingii Kenya."

"Ndio maana nikakwita wewe," akasema kwa upole. "Basi nenda kawaulize wakubwa wako."

Wakubwa wangu. Nikaikunja bili ile, nikaitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Nilikuwa nimepata kisingizio.

Asubuhi ya pili niko getini. Askari, ambaye tumekunywa chai pamoja miaka yote hiyo, alikuwa akibana karatasi za wageni kwa stepla yangu. Hakuniruhusu kupita. Akanisogezea kitabu: jina, namba ya kitambulisho, watoka wapi, sababu ya kuja. Kwenye sababu nikaandika: Kazi.

Akakigeuza kitabu, akasoma polepole. "Ya kuleta au ya kutafuta?"

"Andika zote mbili."

Akaangalia ule mstari, akaniangalia mimi. "Nafasi haitoshi," akasema.