Mashanza ya Masisi: je, inatosha kusema mababu walikunywa?

Muulize muuzaji wa mashanza, yaani maziwa ya ng'ombe yaliyogandishwa kwa kuchacha, mjini Goma, mashariki ya Kongo, kama maziwa yake ni salama, atakujibu kwamba mababu walikunywa, na wewe uko hai. Jibu hilo si la kudharauliwa. EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ilipoanzisha mwaka 2007 utaratibu wa kuorodhesha vijidudu vinavyochukuliwa kuwa salama, matumizi ya muda mrefu yalikuwa moja ya hoja zilizotazamwa. Lactococcus lactis na bakteria wa mtindi wamo katika orodha hiyo.

Ila EFSA hupima bakteria anayejulikana kwa jina. Kidumu kinachoshuka kutoka Masisi, milima ya wafugaji karibu na Goma, kimegandishwa na mabaki ya jana, na kilichomo hakuna aliyekihesabu. Kenya na Somalia, watafiti waliochunguza suusac, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, walimkuta kwa wingi Streptococcus infantarius, ambaye ukoo wake una bakteria wanaoshambulia vali za moyo. Kwamba wanywaji huugua kwa sababu yake, hilo halijathibitishwa. Hata hivyo, kudai apimwe si maringo ya wazungu wa maabara: lazima ijulikane kama amebeba jeni za usugu wa antibiotiki, dawa za kuua bakteria, anazoweza kuwapa bakteria wengine tumboni. Katika mji ambamo vidonge vya dawa hizo hununuliwa bila karatasi ya daktari, swali hilo linatuhusu sana.

Pamoja na hayo, naona mabishano yanamkamata mshitakiwa mdogo na kumwacha mkubwa. Anayegandisha maziwa mara nyingi hana hatia. Wa kuogopwa ni Brucella, bakteria wa ugonjwa wa brusela, na kifua kikuu cha ng'ombe, vinavyotoka kwa mnyama mwenyewe, na uchachu hauna uhakika wa kuviua. Kupasha maziwa moto wa nyuzi 63 za Selsiasi kwa dakika 30 kunatosha kuviua. Tatizo ni kwamba moto huo huua pia sehemu kubwa ya bakteria wa kugandisha, hivyo mama anachemsha vizuri, kisha anatia kijiko cha mashanza mabichi ya jana, na ugonjwa unarudi kwa mlango wa nyuma!

Mtindi wa dukani wenye bakteria hai unaweza kushika nafasi ya kijiko hicho. Wafugaji watasema ladha si ile, na ni kweli. Mtu mzima mwenye afya na achague mwenyewe; mjamzito, mtoto mchanga na mwenye kinga dhaifu nisingewapa mashanza ya kibuyu.