Vitabu vya waliohama vifike wenyewe wangali hai

Mwaka 1994 Abdulrazak Gurnah alichapisha nchini Uingereza riwaya yake ya Paradise. Mwandishi ni mzaliwa wa Unguja, aliyeondoka kwao akiwa kijana katika miaka ya misukosuko iliyofuata Mapinduzi ya 1964. Riwaya yenyewe ni ya huku kwetu: tajiri wa pwani na misafara yake ya bara, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la babake, Wajerumani wakiingia. Kwa Kiswahili kitabu hicho kilitoka 2022, kwa jina la Peponi, kimefasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Hapo katikati pana miaka 28. Na lau si Tuzo ya Nobeli ya 2021, huenda tungekuwa tunangoja hadi leo.

Hesabu hiyo imenijia tena kwa sababu ya mjadala unaoendelea kwenye mabaraza ya waandishi hapa Mombasa. Wapo wanaotaka mji huu uwe na nyumba ndogo ya uchapishaji kwa ajili ya maandishi ya wahamiaji, ya waliokimbia makwao, na ya wale wanaoandika kwa lugha mbili au tatu kwa pamoja: Kibarawa cha mji wa Barawa huko Somalia, Kisomali, Kibajuni, Kimakonde, Kiarabu, Kigujarati, na Kiswahili kikiwa uwanja wa kukutania. Wapo pia wanaoona kwamba huko ni kupoteza pesa na nguvu. Katika kikao kimoja mchapishaji mkongwe aliuliza swali moja tu: nani atanunua? Mwalimu wa Kiswahili aliyeketi karibu naye akaongeza lake: Kiswahili chenyewe hatujakijazia maktaba, vipi tukimbilie Kibarawa?

Maswali hayo yana uzito. Yameulizwa na watu waliovifia vitabu, na si haki kuyapuuza.

Tuanze na pesa. Kupanga kurasa, kuhariri na kutayarisha jalada kunagharimu kiasi kilekile, uchapishe nakala 300 au 30,000. Kwa hiyo nakala moja ya toleo dogo lazima iwe ghali. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16 iliyowekwa kwenye vitabu na sheria ya 2013. Kisha, kuanzia 2018, serikali ilianza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni yenyewe. Wazazi wakapumua, na ni jambo jema. Lakini maduka ya vitabu yaliyokuwa yakiishi kwa msimu wa Januari yalipoteza riziki yake, na duka lililobaki na madaftari na kalamu halina rafu ya diwani ya mashairi. Kitabu kisicho na idhini ya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, kisichotahiniwa popote, kitauziwa wapi?

Hoja ya mwalimu nayo ina historia. Mkutano uliokiteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapahapa Mombasa, mwaka 1928, na Kimvita kikawekwa kando katika mji wake chenyewe. Wazee wetu walilinung'unikia jambo hilo maisha yao yote. Hata hivyo, usanifishaji huo ndio uliomwezesha mtoto wa Kisumu na wa Kigoma kusoma kitabu kimoja. Mwalimu anayesahihisha insha mia kwa wiki ana sababu ya kuogopa kila lahaja ikidai tahajia yake.

Upande huo una ushahidi mwingine mzuri zaidi, nao ni diwani ya Sauti ya Dhiki. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya kijikaratasi cha Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyaandika gerezani, tena kwa Kimvita chake, yalichapishwa 1973 na Oxford University Press ya Nairobi, na 1974 yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Wakati huo mshairi alikuwa tayari uhamishoni: Dar es Salaam, kisha London, kisha Leipzig. Basi, wanasema, kitabu kizuri hakihitaji nyumba ndogo. Kubwa zitakichukua.

Mara moja moja, naam. Ila ukisubiri nyumba kubwa unasubiri kipawa cha Abdilatif au Nobeli ya Gurnah, na wengi wenye la kusema hawana kimoja wala kingine. Wana kumbukumbu, lugha, na umri unaokwenda.

Hapo ndipo ninapoona kwamba wanaotaka nyumba ndogo wanapimwa kwa kipimo kisicho chao. Wanaulizwa watauza ngapi. Mimi ningeuliza kitabu kitafika lini, na kitamkuta nani.

Rudi kwenye ile miaka 28. Mwanafunzi wa darasa la nane mwaka 1994, mwenye miaka 14, alikuwa na miaka 42 Peponi ilipotoka. Huyo hana hasara kubwa. Atasoma, na watoto wake watasoma. Mtazame mwingine: mtu aliyekuwa na miaka 30 Mapinduzi yalipotokea. Mwaka 1994 alikuwa na miaka 60, akili timamu, kumbukumbu za wazazi wake juu ya enzi ya Wajerumani zingali zimemjaa kichwani. Mwaka 2022 alikuwa na miaka 88, kama alifika. Huyo ndiye msomaji aliyekuwa na uwezo wa kufunga kitabu na kusema, hapa umepatia, hapa umekosea, msafara haukupita njia hii, tajiri wa aina hii sisi tulimwita hivi. Wasomaji wa namna hiyo hawazaliwi upya. Riwaya ilijadiliwa kwa karibu miongo mitatu na watu wa London na wa vyuo vikuu vya mbali, wakaijadili vizuri, lakini waliokuwa na haki ya kuijibu hawakuipata kwa lugha yao.

Na si mara ya kwanza. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alifariki mnamo 1840. Beti zake zilibaki vinywani mwa watu wa Mvita hadi mmisionari Mwingereza William Taylor alipozikusanya mwishoni mwa karne ile, akifafanuliwa na Mwalimu Sikujua, mtu wa mji huu aliyezijua beti na visa vyake. Diwani ikatoka 1940, Johannesburg. Mwalimu Sikujua alikuwa amekwisha kufa kwa nusu karne. Kila anayeikuta leo beti isiyoeleweka ndani ya diwani hiyo anajua gharama ya kuchelewa huko.

Sasa mfikirie mzee wa Barawa aliyeshuka jahazini Mombasa mwaka 1991, Somalia ilipovunjika. Kama alikuwa na miaka 45, leo ana miaka themanini hivi. Lugha yake ni ndugu wa toka nitoke wa Kiswahili, na mashairi yake ya dini yana ukale na uzuri ambao washairi wa Lamu wangeutambua mara moja. Mshairi Dada Masiti wa Barawa, aliyefariki 1919, anasomwa kwa moyo na watu ambao hawajawahi kuona beti yake kwenye karatasi. Mkusanyo mkubwa wa tungo hizo ulitoka Leiden, Uholanzi, mwaka 2018, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Wasomi walioufanya wamefanya kazi ya kuheshimiwa. Lakini kwa nini Leiden iwe karibu na Barawa kuliko Majengo, mtaa wa hapa Mombasa? Wajukuu wa mzee huyo wengi wako Marekani na Uingereza. Ufa ukishazidi kizazi kimoja hakuna wa kuuziba.

Au watazame Wamakonde wa Kwale, ambao babu zao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Mwaka 2016 waliandamana kwa miguu kuelekea Nairobi kudai uraia, wakaupata. Wapemba wa Shimoni, Vanga na Watamu, wavuvi wa vizazi na vizazi, walitambuliwa rasmi 2023. Magazeti yaliandika siku ya vyeti. Miaka ya kuishi bila kitambulisho, ya kuuza samaki kwa jina la mtu mwingine, hiyo nani ameiandika? Nyumba kubwa haitaigusa, kwa sababu haitauza. Nyumba ndogo ipo kwa ajili hiyo hasa.

Kuna jambo ambalo mtu wa nje ya kazi hii halioni, nalo ni jinsi ukurasa wa lugha mbili unavyochosha. Kisomali kina hati rasmi ya Kilatini tangu 1972, na ndani yake c husimama badala ya ain na x badala ya ha nzito ya Kiarabu. Mpangaji kurasa aliyelelewa na Kiswahili akikutana na Cumar na Maxamed, yaani Omar na Mohamed, anadhani muswada umejaa makosa. Asipokuwa na mtu wa kumwelekeza, atausahihisha hadi auharibu. Kiarabu kinaanza kulia. Kitabu cha Kiarabu na Kiswahili basi hufunguka pande zote mbili, kina majalada mawili ya mbele, na namba za kurasa zinakutana katikati. Weka tungo mbili zitazamane, na utagundua ubeti wa Kiswahili umekuwa mrefu kuliko wenzake, umeteremka ukurasa wa pili, na kutazamana kumekwisha. Karatasi kubwa ya mtamboni hukunjwa ikatoa kurasa 16. Ukiongeza kurasa mbili za faharasa ya maneno, huenda ukalipia karatasi nzima. Mhariri mwenye tarehe ya kuwasilisha vitabu vya gredi ya saba hana wiki tatu za kubishana na ubeti mmoja, wala simlaumu. Anayeweza kutoa wiki hizo ni yule ambaye kazi yake yote ya mwaka ni vitabu vitatu au vinne.

Kuna upande mmoja ninaowaunga mkono wapinzani kabisa, nao ni wafadhili. Nyumba ndogo isiyoweza kujilisha kwa mauzo huomba ruzuku, na mtoa ruzuku ana ladha yake. Anataka mashua iliyozama, kambi, machozi. Bibi wa Kibarawa akija na nyimbo za harusi na qasida za Mtume, ataambiwa kwa upole aongeze sura ya kukimbia vita. Baada ya miaka kumi tutakuwa na rafu nzima ya mateso yaliyoandikwa kwa ajili ya msomaji wa mbali, na wenyewe wasijione humo. Hatari hii ni ya kweli kuliko ile ya kufilisika. Kufilisika kunaua nyumba. Hii inaiacha hai na kuipotosha.

Tena kuna usalama wa mwandishi. Mtu asiye na karatasi akichapishwa kwa jina lake na picha yake, ametangazwa. Dada aliyerudi kutoka Uarabuni na kueleza nyumba aliyofanyia kazi, mtaa na mji, anaweza kumponza mwenzake aliyebaki kule. Hata mrabaha una shida zake: asiye na kitambulisho hasajili laini ya simu, kwa hiyo M-Pesa yake iko kwa jina la jirani, na mkataba unadai jina la anayelipwa. Anayetaka kufanya kazi hii awe tayari kuweka daftari la majina mawili, la jalada na la nyumbani, na kulilinda.

Kwingineko wameweza. New Beacon Books ilianzishwa London mwaka 1966 na John La Rose wa Trinidad na Sarah White, nyumbani kwao, ikachapisha watu wa Karibi huku duka lake likiuza vitabu vya wengine. Peepal Tree ya Leeds imefanya kazi ya namna hiyo tangu 1985. Hakuna iliyotajirika. Zilichokuwa nacho, na ambacho sisi bado hatuna, ni mnunuzi wa karibu anayeaminika.

Mnunuzi huyo anaweza kupatikana. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la maktaba. Kaunti za pwani ni sita. Kila moja ikinunua nakala 25 za kila kitabu kwa ajili ya maktaba na shule zake, hizo ni 150, nusu ya toleo la kwanza la nakala 300, na hakuna mfadhili atakayechagua machozi ya nani yachapishwe. Nusu ya pili itauzwa kwa mkono, kwenye maulidi, kwenye harusi, na kwa jamaa walioko ng'ambo. Kitabu cha kwanza ningependa kiwe cha Wabarawa, Kibarawa upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Na kabla hakijaenda mtamboni, muswada usomwe kwa sauti huko Majengo mbele ya wazee wenyewe, beti kwa beti, wakatae wanachokikataa.