Waacadia 1755: waliondolewa kwa usalama au kwa mashamba yao?

Ukigusa tu habari ya Waacadia, wale wakulima wa asili ya Kifaransa waliofukuzwa Nova Scotia (mashariki mwa Kanada ya leo) na Waingereza kuanzia 1755, hakosi mtu wa kusema ah walijitakia wenyewe, si waliambiwa waape utii kwa mfalme wa Uingereza wakagoma. Hoja hiyo siidharau, ila naona inasimuliwa nusu.

Tumpe kwanza haki yake Charles Lawrence, gavana wa Kiingereza aliyewafukuza. Vita na Ufaransa ilikuwa imeshawaka huko Amerika hata kabla ya kutangazwa rasmi, jenerali wa Kiingereza Braddock kachapwa vibaya na Wafaransa Julai ile ile, Louisbourg ngome kubwa ya Wafaransa iko hapo jirani, na Beauséjour, ngome yao nyingine, ilipoanguka Juni wakakutwa humo ndani Waacadia wenye bunduki. Padri Le Loutre wa Kifaransa naye miaka yote alikuwa anachochea watu dhidi ya Waingereza. Ungekuwa wewe gavana ungelala usingizi?

Lakini hao wa Beauséjour walisema walitishiwa kifo na kamanda wa Kifaransa, na masharti ya kusalimisha ngome, ambayo Waingereza wenyewe walisaini, yaliwasamehe kwa sababu hiyo hiyo. Na kiapo walishakula zamani. Mwaka 1730 waliapa utii kwa mfalme wa Uingereza, gavana Philipps akawaahidi kwa mdomo kwamba hawatalazimishwa kupigana na Wafaransa wala na Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa huko, ambao walikuwa majirani zao na wengine ndugu wa damu. Mambo yakaenda hivyo miaka 25. Halafu 1755 ndo wanaambiwa kiapo bila masharti, wajumbe wakakataa, kesho yake walipoona wanafukuzwa kweli wakasema basi tutaapa, Lawrence akajibu mmechelewa. Mtu anayetafuta utii tu angewaapisha pale pale!

Sasa njoo kwenye mashamba, maana hapa ndipo mimi nakwama kila nikiisoma hii kesi. Ghuba ya Fundy, ile inayopakana na Nova Scotia, maji yake yakijaa yanaweza kupanda mpaka mita 16 hivi, hakuna bahari inayoyazidi duniani. Waacadia wakajenga matuta ya udongo na majani ya kinamasi pamoja na mizizi yake, chini ya tuta wanapitisha mfereji wa mbao wenye kilango, maji ya bahari yakijaa yanakisukuma kinafunga, yakipwa maji ya mvua yanakifungua yanatoka, wanangoja miaka miwili mitatu chumvi ioshwe halafu wanalima ardhi nono kabisa. Mfereji huo wanauita aboiteau. Septemba 5, 1755, kanisani Grand-Pré, kanali Winslow wa jeshi la Waingereza akawasomea wanaume na vijana 418 kwamba ardhi na mifugo yao vyote sasa ni mali ya mfalme, wabebe hela na vyombo vya nyumbani tu. Mwenyewe alikiri kazi ile haimkai moyoni, ila akaifanya. Tangu 1760 wakaletwa walowezi kutoka New England kuchukua mashamba, wakakuta dhoruba ya 1759 imebomoa matuta na wao kuyajenga hawajui, basi wakaajiriwa Waacadia waliokuwa wafungwa waje kuyatengeneza. Yaani mtu ni hatari kwa usalama wa dola lakini si hatari akishika sepetu kwenye shamba lake mwenyewe ambalo sasa ni la mwingine.

Na kama ni usalama, mbona Louisbourg ilianguka Julai 1758 na meli zikaendelea kupakia? Waacadia wa kisiwa cha Île Saint-Jean (leo Prince Edward Island) waliondolewa baada ya hapo, na Desemba meli mbili zilizowabeba, Duke William na Violet, zikazama na mamia ya watu. Lawrence aliagiza pia watawanywe makoloni tofauti ili wasije wakaungana tena, na hapo alishindwa maana waliofika Louisiana, Marekani, ndo hao Cajun wa leo, na New Brunswick, jimbo la Kanada jirani na Nova Scotia, Kifaransa ni lugha rasmi tangu 1969.

Kuna wanaowachora kama kondoo wapole, nao wamezidisha, Mwacadia Beausoleil Broussard alipigana msituni miaka. Ila mpiganaji kama huyo, aliyepigana kabla na baada ya kufukuzwa kuanza, si sawa na Waacadia wote, na tofauti hiyo watetezi wa Lawrence wanairuka. Desemba 2003 Kanada, kwa tangazo la kifalme, ilikubali rasmi kwamba mateso yale yalitokea, na Julai 28 ikawa siku ya kumbukumbu, lakini tangazo lile lile likasema wazi kwamba halimaanishi kukiri kosa kisheria, kwa hiyo fidia hakuna.