Toeni Brashi Mdomoni

Brashi ndogo, ile tunayotumia kuandika jina la mashua au kumalizia mkia wa herufi, haina kazi yoyote mdomoni mwa mtu. Nasema hivi nikiwa fundi wa mabango hapa Kisumu, na nawaambia mafundi wenzangu kwanza kabla sijamgeukia kijana yeyote. Tabia hii haianzi na mwanagenzi. Hakuna mtoto anayezaliwa akijua kwamba nywele za brashi zikitawanyika unazibana kwa midomo, unazizungusha kidogo, zinatoka zikiwa na ncha. Amemwona fundi wake akifanya, na kwa kuwa fundi wake anaandika vizuri, ameamini kuwa hiyo ni sehemu ya ufundi.

Nimeitazama kwa karibu pale Kibuye. Kijana ameinama juu ya madigadi ya bodaboda, anaandika maneno ambayo mwenye pikipiki ameyachagua. Kifuniko kimoja kina rangi ya manjano, kingine nyeusi ya kutia vivuli. Kila akibadilisha rangi anaisuuza brashi kwenye kopo la thina, anaipangusa kwenye suruali, kisha anaipitisha mdomoni. Inatoka imechongoka sawasawa. Anachovya, anaandika nusu ya herufi, ncha inaanza kufumuka, inarudi mdomoni. Akisimama kuikagua kazi yake, pembe ya mdomo ina rangi ya manjano. Anaifuta kwa mgongo wa mkono na kuchukua mandazi yaliyokuwa yamewekwa juu ya gazeti. Kazi ilitoka safi sana, na yule kijana ana kipaji. Ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Kuna watu waliokwisha kulipia somo hili kwa maisha yao. Kuanzia mwaka 1917, huko Orange, New Jersey, nchini Marekani, wasichana waliajiriwa kupaka namba kwenye nyuso za saa kwa rangi iliyoitwa Undark. Rangi hiyo ilichanganywa na radiamu, madini yenye mionzi, ili saa isomeke gizani, na wateja wa kwanza walikuwa wanajeshi. Namba za saa ni ndogo mno, na brashi ililazimika kuwa na ncha kama ya kwetu. Wakafundishwa kuichonga kwa midomo, kuchovya, kupaka, na kurudia. Walilipwa kwa idadi ya saa walizomaliza, kwa hiyo aliyesimama kutafuta kitambaa na maji alikuwa anapoteza pesa. Waliambiwa rangi ile haina madhara. Wakati huohuo wataalamu wa maabara wa kampuni walikuwa wanaishika radiamu kwa koleo, wakijikinga nyuma ya ngao za madini ya risasi.

Mwili unapoipokea radiamu huichukulia kama kalsiamu na kuipeleka kwenye mifupa, na ikishakaa huko inaendelea kuunguza kutoka ndani. Nusu ya radiamu hiyo huhitaji takriban miaka 1,600 kupungua. Amelia Maggia, aliyekuwa mmoja wa wapakaji hao, alianza na jino lililouma. Likang'olewa, la pili likafuata, vidonda havikupona, na mwishowe taya lenyewe likavunjika mikononi mwa daktari wa meno. Alifariki Septemba 1922, na cheti cha kifo kikaandikwa kaswende. Mwaka 1927 mwili wake ulifukuliwa na mifupa yake ikakutwa na mionzi. Mwaka huo huo Grace Fryer na wenzake wanne waliishtaki kampuni, na mwaka 1928 wakakubaliana kulipwa dola 10,000 kila mmoja na dola 600 kwa mwaka. Baadhi yao hawakuishi muda mrefu kuzitumia. Katika mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, Catherine Donohue, naye mpakaji wa saa, alitoa ushahidi wake mwaka 1938 akiwa amelala nyumbani kwake kwa sababu hakuweza tena kukaa.

Jambo ambalo ningependa kila fundi alishike ni hili. Katikati ya miaka ya 1920 tabia ya kulamba brashi ilikomeshwa, lakini kazi ya kupaka saa kwa radiamu iliendelea kwa miaka mingi baadaye. Walioajiriwa baada ya hapo hawakupatwa na zile saratani za mifupa zilizowamaliza dada zao. Radiamu ilikuwa ile ile, na brashi na saa ni zile zile. Kilichoondolewa ni mdomo.

Sisi hatupaki radiamu, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani kopo lake la rangi linawaka gizani. Tunachopaka sisi ni rangi ya mafuta, na katika rangi ya mafuta tatizo kubwa ni madini ya risasi. Ile manjano kali inayoonekana kutoka mbali, kwa miaka mingi imetengenezwa kwa kromati ya risasi, ambayo ina sumu mbili kwa pamoja, risasi yenyewe na kromiamu. Wasanii wanaopaka picha kwenye turubai wana kadmiamu katika rangi zao nyekundu na za machungwa, na kadmiamu ikiingia mwilini hukaa kwenye figo kwa miaka mingi.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua kwamba kila brashi inapopita mdomoni inaacha miligramu 10 za rangi, yaani chini ya uzito wa punje moja ya mchele. Kiwango kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja za rangi. Kwa rangi iliyofika ukomo huo bila kuuvuka, kulamba mara moja ni mikrogramu 0.9 za risasi, na kulamba mara kumi ni mikrogramu 9. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani hutumia mikrogramu 8.8 kwa siku kama kipimo cha tahadhari kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, na 2.2 kwa mtoto. Kwa hiyo rangi iliyo halali kabisa inaweza kukuvusha kipimo hicho kabla bango moja halijaisha. Sasa weka mahali pake kopo la zamani lenye risasi asilimia moja. Kulamba mara moja tu ni mikrogramu 100. Kile kiwango cha 90 kiliwekwa kwa ajili ya kuta na milango, na hakuna aliyekuwa akifikiria rangi inayomezwa kila baada ya nusu herufi.

Na nani kati yetu anajua alichonacho kwenye chupa? Wengi tunapimiwa. Unaenda hadiwea na chupa ya soda, unaomba robo ya manjano, mwenye duka anakumiminia kutoka kopo kubwa lililofunguliwa siku nyingi. Chupa haina jina la kampuni, haina tarehe, haina onyo lolote. Wengine tunachanganya mabaki ya kazi tatu kupata rangi moja. Simlaumu anayenunua kidogo, maana bango la kinyozi halihitaji kopo la lita nne. Lakini kitu usichokijua asili yake hakistahili kugusa ulimi wako.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Hujikusanya kwenye meno na mifupa, na mwanamke anapobeba mimba risasi huachiliwa kutoka mifupani, ikaingia kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Watoto wadogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka kiasi kile kile walichomeza. Nawataja watoto kwa sababu karakana zetu nyingi ziko nyumbani au karibu na nyumbani, na mtoto anayekaa na baba yake Jumamosi nzima huiga kila kitu. Nchi hii inajua risasi inavyofanya kazi. Yaliyowapata wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, yalifika mahakamani baada ya Phyllis Omido na majirani zake kukataa kunyamaza, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Wale waliletewa sumu na upepo na maji. Ya kwetu tunaiinua wenyewe kwa mkono.

Nikisema haya, jibu ninalolisikia zaidi ni kwamba wazee wetu walifanya hivyo na wakazeeka. Wapo waliozeeka. Lakini sumu hii haiangushi mtu siku anayoimeza. Inakuja kama tumbo linalosokota, choo kigumu, kichwa kisichotulia, uchovu, mkono unaoanza kulegea ukishika brashi. Mzee akilalamikia hayo akiwa na miaka 55, tunasema ni umri.

Jibu la pili ni la vijana wa sanaa wanaotumia akriliki, kwamba rangi ya maji haina neno. Kweli, nyingi ni afadhali kuliko rangi ya mafuta. Hata hivyo maneno ya kopo yanayosema haina sumu yanazungumzia kupaka kama inavyotakiwa, hayazungumzii kumeza. Zaidi ya hayo, mazoea hayachagui kopo. Kijana anayelamba akriliki leo kwenye picha ya kiboko kwa ajili ya mtalii, kesho ataitwa ufukweni Dunga kuandika jina la mashua kwa rangi ya mafuta, na mkono utapanda mdomoni bila kumuuliza.

Ncha inapatikana bila mate. Kinachozibana nywele ni unyevu, na maji yanaifanya kazi hiyo. Kwa rangi ya maji, chovya brashi kwenye maji safi, kisha ilaze kwenye kitambaa kilicholowa na uivute kuelekea kwako huku ukiizungusha katikati ya kidole gumba na cha shahada. Nywele zinafuatana zenyewe. Kazi ikiisha, chukua kipande cha sabuni ya mche, kiloweshe, sugua nywele juu yake taratibu mpaka povu litoke bila rangi, suuza, kisha sugua tena kidogo na safari hii usisuuze. Ivute ncha kwa vidole vilivyonawa na uiache ilale kavu. Asubuhi utaikuta imekaza, ina ncha kali kuliko mate yoyote yanavyoweza kuipa. Suuza sabuni hiyo kabla ya kuanza.

Kwa rangi ya mafuta sabuni si lazima. Suuza kwenye thina mara mbili, kopo la pili liwe safi kuliko la kwanza, kausha kwa kitambaa, kisha paka nywele mafuta ya mgando au oili safi ya injini kidogo na uzilaze ziwe bapa au zenye ncha, kadiri ya brashi. Brashi zangu nzuri zinadumu kwa njia hiyo. Wakati wa kuandika, ncha ikifumuka izungushe kwenye kipande cha kadibodi laini au kioo huku ukiivuta. Ikikataa kabisa kushika ncha, imechoka, ipeleke kwenye kazi ya kujaza rangi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye karakana. Weka kitambaa na maji mahali mkono wa mwanagenzi unapofika, maana akilazimika kuinuka atalamba. Usimlipe kwa herufi halafu umkaripie akichukua dakika ya kunyoosha brashi. Chai na mandazi viliwe mbali na rangi, baada ya kunawa kwa sabuni. Na walimu wa vyuo vya ufundi wanaofundisha uandishi wa mabango, fundisheni kuchonga ncha siku ile ile mnayofundisha kushika brashi. Akina mama wanaopaka rangi vinyago vya mawe kule Tabaka, wengi wao wakiwa na watoto wachanga miguuni, wanahitaji kuambiwa haya kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kama umekuwa ukilamba kwa miaka na una dalili nilizozitaja, nenda hospitali na umwambie daktari waziwazi kazi unayoifanya na jinsi unavyoifanya. Uliza kama unaweza kupimwa risasi kwenye damu. Asipojua kuwa brashi hupita mdomoni mwako, atakutibu vidonda vya tumbo na kukurudisha kazini.