Kirusi cha Viwavi Kifike Maduka ya Pembejeo ya Malindi

Msimu mmoja wa masika, viwavijeshi walivamia mahindi ya shangazi yangu kando ya mto Sabaki. Shamba lilipokuwa limebaki mabua, niliona viwavi wamepanda hadi ncha za majani na kuning'inia kichwa chini, weusi na walegevu. Nilipomgusa mmoja kwa kijiti, ngozi ilipasuka na maji ya rangi ya tope yakachuruzikia jani la chini. Shangazi alidhani ni sumu ya jirani, lakini hakuna aliyekuwa amepuliza dawa.

Aliyewaua ni bakulovirusi, kirusi ambacho kiwavi hukila pamoja na jani. Tumbo la kiwavi lina ukali kama wa magadi, na ukali huo ndio unaoyeyusha gamba la protini linalokihifadhi kirusi, kikaingia katika seli na kuzaana humo hadi mwili wote unageuka maji yanayowaambukiza viwavi wengine. Hakiambukizi watu wala mifugo, na nyuki hakiwadhuru.

Kosa lake ni kuchelewa, kwa sababu aghalabu huenea shambani wakati mazao yameshaliwa. Kwa hiyo inafaa kipulizwe mapema, viwavi wakiwa bado wadogo. Majaribio yaliyofanywa Tanzania dhidi ya viwavijeshi yalionyesha kuwa jambo hilo linawezekana. Nchini Brazil, wakulima wa soya waliwaokota viwavi waliokufa kwa kirusi cha aina hiyo, wakawasaga na kuwapulizia shambani, hata eneo lililotibiwa hivyo likapita hekta milioni 1 kwa mwaka.

Najua mkulima aliyekopa mbegu hupenda dawa inayoangusha wadudu kabla ya adhuhuri, ilhali kirusi huchukua siku kadhaa na huharibiwa na jua, ndiyo maana hupulizwa jioni. Simlaumu. Lakini sumu tunazopuliza huoshwa na mvua hadi Sabaki, na Sabaki humwaga maji yake baharini, pale pale wavuvi wetu wanapotega nyavu. Naomba kaunti iwafundishe mabwana shamba matumizi ya kirusi hiki, na kiuzwe katika pakiti ndogo za kumtosha mwenye robo ekari. Viwavi wale weusi wa shangazi tuliwafagia tukawachoma pamoja na mabua, na mpaka leo moto ule unaniuma.